Uvimbe wa Onkosaiti katika Tezi ya Thairoidi: Utambuzi na Tiba Yake

Katika nyanda za juu za Tanzania, kama katika sehemu nyingi za milima duniani, mtu mwenye rovu hakuwa kitu cha ajabu kwa vizazi vingi. Udongo wa huko una upungufu wa iodini, ambayo wananchi wameizoea kwa jina la madini joto, na tezi iliyo shingoni hutanuka ikijitahidi kuikamata ile kidogo iliyomo katika chakula. Matumizi ya chumvi yenye madini joto yamelipunguza sana tatizo hilo. Lakini si kila uvimbe wa shingo ni rovu la aina hiyo. Upo uvimbe mwingine ambao huota mahali pamoja tu ndani ya tezi, kama kokwa ndani ya tunda. Makala haya yanaeleza aina moja ya uvimbe huo, ambayo ni adimu, lakini imewasumbua madaktari kwa zaidi ya miaka mia moja: uvimbe wa seli ziitwazo onkosaiti.

Usumbufu wenyewe waweza kuelezwa kwa maneno machache. Seli za uvimbe huu zina sura ya kutisha hata pale ambapo hazina madhara. Na pale zilipo za saratani, sura yake ni ile ile. Hata hivyo daktari hana budi kuamua: aiondoe tezi nzima au nusu yake? Akiondoa zaidi ya inavyotakiwa, mgonjwa atameza dawa maisha yake yote, na pengine sauti yake itaharibika. Akiondoa pungufu, saratani yaweza kubaki mwilini na kuenea. Kwa hiyo swali la maabara, yaani "Je, seli hizi ni za aina gani?", lina uzito mkubwa katika maisha ya mtu.

TEZI NA KAZI YAKE

Thairoidi ni tezi yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Ndani yake mna vifuko vidogo sana vilivyojengwa kwa seli zilizopangwa duara, na katikati ya kila kifuko mna ute mzito. Seli hizo hunasa iodini kutoka katika damu na kuitumia kutengeneza homoni. Iliyo kuu ni thairoksini, ambayo kila molekuli yake hubeba atomi 4 za iodini.

Homoni hizo ndizo zinazotawala kasi ya kazi za mwili. Zikipungua, mtu huona baridi, huchoka upesi, ngozi hukauka, na mawazo huwa mazito. Kwa mtoto mchanga upungufu huo ni hatari zaidi, kwa sababu ubongo na mifupa hukosa kukua ipasavyo. Zikizidi, moyo huenda mbio na mwili hukonda.

Jirani na tezi hii pana vitu viwili ambavyo mpasuaji hana budi kuvichunga. Kwanza ni neva mbili zinazopita nyuma yake, kila upande moja, zikielekea kwenye nyuzi za sauti. Pili ni tezi ndogo, kwa kawaida 4, kila moja ikilingana na punje ya mchele, ambazo hudhibiti kalisi katika damu. Neva ikijeruhiwa, sauti hukwaruza. Tezi hizo ndogo zikiharibiwa, kalisi hupungua na misuli hukakamaa.

JINA LILILOKOSEWA

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba viliziita seli hizi "seli za Hürthle". Jina hilo lina kisa cha kufundisha. Mwaka 1894 mwanafiziolojia wa Kijerumani, Karl Hürthle, aliyefanya kazi katika mji wa Breslau, ambao siku hizi ni Wrocław katika nchi ya Polandi, alichunguza thairoidi za mbwa na kueleza seli fulani kubwa zilizokaa kati ya vifuko. Leo inajulikana kwamba seli alizoziona ni za aina nyingine kabisa, zile zinazotoa homoni ya kalsitonini. Mtu aliyezieleza onkosaiti za thairoidi ya binadamu ni Max Askanazy, mwanapatholojia wa Kijerumani, mwaka 1898. Hata hivyo jina la Hürthle ndilo lililoshika.

Mwaka 1931 Herwig Hamperl alitoa jina la onkosaiti, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuvimba. Jina hilo halimtaji mtu, bali laeleza hali ya seli yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 5 la uainishaji wa uvimbe wa tezi za homoni lililotolewa mwaka 2022, lilishauri jina la Hürthle liachwe na la onkosaiti litumike. Toleo hilo lasema pia kwamba uvimbe huitwa wa onkosaiti endapo zaidi ya asilimia 75 ya seli zake ni za aina hiyo.

GHALA LILILOJAA MAJEMBE BUTU

Chini ya hadubini, onkosaiti huonekana kubwa kuliko jirani zake. Mwili wake umejaa chembechembe laini zinazopokea rangi nyekundu ya eosini, na kiini chake ni kikubwa chenye kitone kinachoonekana wazi katikati. Hadubini ya elektroni ilipoanza kutumika ilifichua kwamba chembechembe hizo ni mitokondria, yaani vile viungo vidogo vya seli vinavyochoma chakula kwa msaada wa oksijeni na kutoa nishati. Karibu kila seli hai ya mnyama huhitaji mitokondria, lakini katika onkosaiti zimesongamana hata zikaijaza seli karibu yote.

Kwa nini zimekuwa nyingi hivyo? Mitokondria ina DNA yake yenyewe, iliyo mbali na ile ya kiini, na ambayo mtoto huirithi kwa mama. Ni fupi: ina jeni 37 tu. Baadhi ya jeni hizo hutoa sehemu za kimeng'enya cha kwanza katika mfululizo wa upumuaji wa seli. Katika uvimbe mwingi wa onkosaiti, wachunguzi wamekuta kasoro katika jeni hizo hizo. Kimeng'enya kikiwa kibovu, nishati hupungua, na yaelekea seli hujaribu kufidia upungufu huo kwa kuongeza idadi ya mitokondria. Ni kama mkulima ambaye majembe yake yote ni butu. Badala ya kuyanoa, huendelea kununua mengine ya aina ile ile, hata ghala likajaa na shamba likabaki halijalimwa.

Mwaka 2018 vikundi viwili vya wachunguzi nchini Marekani vilichapisha matokeo mengine kuhusu saratani ya onkosaiti. Pamoja na kasoro za mitokondria, seli za saratani hiyo mara nyingi zimepoteza nakala moja ya kromosomu nyingi. Badala ya jozi, hubaki kromosomu moja moja. Hali hiyo haionekani kwa kiasi hicho katika saratani nyingine za thairoidi, na ni sababu mojawapo ya kuihesabu saratani ya onkosaiti kuwa ugonjwa wa peke yake.

Lakini jambo moja lazima lisisitizwe. Onkosaiti peke yake si saratani. Hupatikana katika thairoidi iliyoshambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, ugonjwa ulioelezwa na daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Hupatikana pia katika rovu la miaka mingi. Waswahili husema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mambo yamegeuka: ubaya wa sura waweza kuficha seli isiyo na madhara yoyote.

SINDANO NA MPAKA WAKE

Mgonjwa anapofika hospitali akiwa na kinundu shingoni, daktari huanza kwa kuuliza na kupapasa. Kinundu kimeanza lini? Kinakua upesi? Sauti imebadilika? Kumeza kuna shida? Je, aliwahi kupigwa mionzi shingoni alipokuwa mtoto? Kisha damu hupimwa ili kujua kama tezi inafanya kazi yake sawasawa. Baada ya hapo shingo hutazamwa kwa mashine ya altrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na huonyesha ukubwa wa kinundu, kingo zake na hali ya mitoki iliyo jirani.

Wengi wa wagonjwa hao hurudi nyumbani na habari njema, kwani vinundu vingi vya thairoidi si saratani: kati ya kila 100 vinavyochunguzwa, 85 hadi 95 havina hatari hiyo. Palipo na shaka, daktari huchukua sindano nyembamba, huichoma katika kinundu na kufyonza seli chache, ambazo hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kutazamwa. Njia hii ilienezwa hasa na madaktari wa Uswidi katika miaka ya 1950 na 1960. Ni rahisi, haihitaji kulazwa, na imewaokoa watu wengi na visu visivyo vya lazima.

Kwa onkosaiti, hata hivyo, sindano hufika kwenye mpaka wake. Yaweza kumwambia daktari kwamba kinundu kimejaa onkosaiti, lakini haiwezi kumwambia kama ni za saratani. Mwaka 2007 wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, wakaweka utaratibu mmoja wa kuripoti matokeo ya sindano kwa madaraja 6. Uvimbe wa onkosaiti umewekwa katika daraja la 4, daraja la mashaka. Kwa mujibu wa toleo la 3 la utaratibu huo, la mwaka 2023, katika kila wagonjwa 100 wa daraja hilo wanaopasuliwa, karibu 30 ndio hupatikana na saratani. Maana yake ni kwamba 70 hivi walipasuliwa kwa uvimbe usio wa saratani, na hakuna aliyeweza kuwatenga mapema kwa hakika. Katika nchi tajiri vipimo vya jeni husaidia kupunguza idadi hiyo, lakini gharama yake ni kubwa na bado havijaondoa shaka yote.

Kuna ajabu nyingine. Kwa kuwa onkosaiti huhitaji oksijeni nyingi, uvimbe wake ni mwepesi wa kufa. Mara kwa mara mchomo wa sindano tu hutosha kuharibu mzunguko wa damu ndani yake, na sehemu kubwa ya uvimbe hufa. Mwanapatholojia anayeupokea baadaye hana budi kujua kwamba sindano ilipita, ili asije akayadhania majeraha yake kuwa dalili za saratani.

HUKUMU HUTOLEWA KWENYE UTANDO

Kama sura ya seli haitoi jibu, jibu litoke wapi? Latoka kwenye utando unaouzunguka uvimbe. Uvimbe wa onkosaiti kwa kawaida umefungwa ndani ya utando mgumu. Ukikaa ndani ya utando wake, si saratani. Ukiutoboa na kupita upande wa pili, au ukiingia katika mishipa ya damu iliyo ndani ya utando huo au nje yake, ni saratani. Mfugaji hajui kwa kutazama manyoya peke yake kama mnyama aliye zizini ni mpole au mkali. Hutazama ua, kama umevunjwa au haukuvunjwa.

Hii ndiyo sababu sindano haiwezi kutoa hukumu: hufyonza seli kutoka ndani, na kuuacha ua bila kuuchunguza. Ni lazima uvimbe wote utolewe ukiwa mzima, uhifadhiwe katika fomalini, ukatwe vipande, vipande vizamishwe katika nta, na kila kimoja kikatwe tena kuwa karatasi nyembamba zenye unene wa milimita 0.005 hivi.

Hesabu ndogo itaonyesha ugumu wa kazi hiyo. Uvimbe wenye kipenyo cha sentimita 3, yaani milimita 30, ukikatwa wote kwa unene huo utatoa karatasi 6,000. Hakuna maabara inayoweza kuzitazama zote. Mwanapatholojia huchagua, na uchaguzi wake huelekezwa kwenye utando: huuzunguka, akichukua vipande kutoka kila upande, kwani tundu moja dogo laweza kubadilisha jina la ugonjwa. Huhesabu pia mishipa ya damu iliyoingiliwa. Mishipa 4 au zaidi ni dalili ya ugonjwa mkali zaidi kuliko mmoja au miwili.

MABISHANO YA WAPASUAJI

Maarifa hayo hayakupatikana bila mabishano. Mwaka 1974 madaktari wa Ann Arbor, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, walitoa taarifa iliyowatia wenzao wasiwasi. Walikuwa wameona uvimbe wa onkosaiti uliotangazwa kuwa hauna madhara, kisha mgonjwa akarudi na saratani iliyoenea. Ushauri wao ulikuwa kwamba uvimbe wowote wa aina hii uhesabiwe kuwa hatari, na tezi nzima iondolewe.

Ushauri huo ulitokana na huruma kwa wagonjwa, lakini ulikuwa na gharama. Gharama ya kuondoa thairoidi nzima ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1883, pale Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern nchini Uswisi, alipowaita wagonjwa aliowapasua zamani ili awaone tena. Wengi wa wale walioondolewa tezi nzima walikuwa wamevimba nyuso, wamezubaa na kupoteza nguvu. Watoto miongoni mwao walikuwa wamedumaa. Kocher, ambaye mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya thairoidi, aliyatangaza makosa yake mwenyewe hadharani na kuacha desturi hiyo. Hali imebadilika tangu Edward Kendall alipoitenga thairoksini mwaka 1914, kwa kuwa homoni hiyo sasa hutolewa kama kidonge. Lakini kidonge lazima kinywewe kila siku maishani, nayo hatari ya kuumiza neva ya sauti na tezi za kalisi haikuondoka.

Kwa hiyo wengine waliuliza: je, ni kweli kwamba hadubini haiaminiki? Mwaka 1988 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka wagonjwa ambao uvimbe wao ulitajwa kuwa si saratani, wakaona kwamba uamuzi huo ulistahili kuaminiwa. Mwaka huo huo wanapatholojia wengine wa Marekani walionyesha kwamba utando na mishipa ya damu, vikichunguzwa barabara, hutabiri mwenendo wa uvimbe. Sababu moja kubwa ya makosa ya zamani ilikuwa ni uchunguzi pungufu: vipande vichache mno vya utando vilikuwa vimetazamwa. Kasoro haikuwa ya hadubini, bali ya mahali ilipoelekezwa.

TIBA YA SIKU HIZI

Kutokana na hayo, njia ya kawaida leo ni ya hatua kwa hatua. Mgonjwa mwenye uvimbe wa upande mmoja huondolewa nusu ya tezi, ile yenye uvimbe, na maabara ikapewa nafasi ya kusema. Ikisema si saratani, matibabu yamekwisha. Nusu iliyobaki mara nyingi hutosha kwa mahitaji ya mwili. Ikiwa ni saratani ndogo iliyotoboa utando kidogo tu, nusu hiyo mara nyingi hutosha pia, pamoja na kufuatiliwa. Ikiwa imeingia katika mishipa mingi ya damu, au imesambaa nje ya tezi, mgonjwa hurudishwa na sehemu iliyobaki huondolewa. Uvimbe unaozidi sentimita 4, ambao hatari yake ni kubwa zaidi, waweza kumfanya daktari ashauri kuondoa tezi nzima tangu mwanzo.

Saratani nyingine nyingi za thairoidi zina silaha moja ya pekee dhidi yake, nayo ni iodini nururifu. Mgonjwa hunywa iodini-131, seli za thairoidi huinasa popote zilipo mwilini, na mionzi yake huziua. Nusu-uhai wa iodini hiyo ni siku 8. Mwanafunzi anaweza kukadiria kwamba baada ya siku 32 hubaki sehemu 1 tu kati ya 16. Kwa bahati mbaya, onkosaiti nyingi za saratani zimepoteza uwezo wa kunasa iodini. Dawa hiyo hutolewa palipo na hatari kubwa, lakini mafanikio yake ni haba kuliko katika saratani za aina nyingine.

Hata hivyo udhaifu huo una upande wa pili. Kwa sababu mitokondria zake ni mbovu, onkosaiti hutegemea mno sukari. Mgonjwa akidungwa sukari iliyotiwa mnururisho kidogo, uvimbe huifyonza kwa pupa na kuonekana katika mashine maalumu ya picha. Hivyo kasoro ile ile inayoifanya seli ionekane ya kutisha humsaidia daktari kuitafuta mapafuni na mifupani, ambako saratani hii hupenda kukimbilia. Kwa ugonjwa ulioenea na kukataa iodini, kuna vidonge kama sorafenibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, na lenvatinibu, mwaka 2015. Vidonge hivyo hupunguza kasi ya ugonjwa, lakini kwa kawaida haviuondoi kabisa. Ndiyo maana upasuaji uliofanywa vizuri mwanzoni unabaki kuwa tumaini kubwa kuliko yote.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kinundu shingoni si hukumu ya kifo, wala si jambo la kupuuzwa. Anayekiona kikikua, au anayepata sauti ya kukwaruza isiyokwisha, shida ya kumeza au mitoki iliyovimba kando ya shingo, yampasa aende hospitali mapema. Atakapoambiwa kwamba majibu ya sindano hayana uhakika, asidhani kwamba daktari hajui kazi yake; sindano imesema yote inayoweza kusema. Na baada ya kupasuliwa, asiache kurudi kuchukua majibu ya maabara, kwa kuwa hapo ndipo hukumu yenyewe inapoandikwa.

Kwa wanafunzi wa sayansi liko somo pana zaidi. Kwa miaka mingi wataalamu waliikazia macho seli, wakitumaini kwamba siku moja sura yake itatoa siri. Siri ilikuwa kando kidogo, kwenye utando ambao wengi waliukata na kuutupa. Mara nyingi maendeleo ya maarifa hayahitaji chombo kipya, bali huhitaji chombo kile kile kielekezwe mahali panapostahili.